Mafuta ni yale yale: kwa dada yangu ni embe, kwangu ni daktari wa meno

BintiLangoni (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimekuja na jambo dogo, lakini limenikosesha raha wiki nzima.

Mimi niko Lamu, Langoni. Dada yangu ameolewa Malindi. Alipokuja kututazama juzi alileta kichupa cha uturi, robo tola, vile vya kioo vyenye kijiti ndani ya kifuniko. Karatasi ya nje imebabuka, yamebaki maneno ya Kiarabu nusu nusu, kwa hivyo jina msiniulize. Muuzaji alimwambia tu "haya ni ya matunda na viungo". Tukagawana. Yeye akamimina nusu yake kwenye kichupa kingine, mimi nikabaki na nusu yangu.

Niwaeleze kwanza yanavyonukia, maana si mafuta mabaya, msije mkadhani nalalamika bure. Leo nimeoga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapaka kwenye vifundo vya mikono na shingoni. Dakika za mwanzo ni tunda tupu, na si tunda la peremende. Ni embe ngowe lililoiva mpaka ganda limeanza kujikunja, pamoja na pale kwenye kikonyo panapotoka utomvu, na ule ukali wake wa tapentaini. Nyuma yake kuna kitu cheusi cheusi kitamu, zambarau au plamu kavu iliyolala kwenye sukari. Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu iliki ikaingia, mbichi, kama mtu ameiponda sasa hivi atie kwenye mahamri. Pilipili manga kidogo, inakukuna pua kisha inakwenda zake.

Nafika kazini saa mbili (nashona, tuko wanawake sita, feni moja), embe limekwisha. Limekwisha kabisa, nimelitafuta. Imebaki karafuu, mdalasini na kitu kikavu kama ubao wa kasha la bibi. Saa nne ni karafuu peke yake, ile ya pamba unayowekewa kwenye jino bovu. Mpaka adhuhuri nanukia chumba cha daktari wa meno. Saa tisa hakuna kitu tena. Shilingi 600 hizo, na hazikufika alasiri!

Nikampigia dada. Ananiambia yeye embe analo mpaka anarudi nyumbani jioni, limekuwa zito tu, kama halua yenye zafarani, na usiku kwenye mtandio bado lipo. Tumezaliwa tumbo moja, tumelelewa kwa mafuta ya nazi ya chungu kimoja. Iweje?

Tena hii si mara ya kwanza. Mwaka jana nilinunua miski nyeupe hapa hapa mjini, nikafika nyumbani nikapaka, haina harufu hata chembe. Maji matupu. Nilirudi dukani nikamwambia yule mzee maneno ambayo sitayaandika hapa.

Swali langu: ngozi yangu ina nini?

KijanaWaMokowe

Ngozi imezoea samaki hiyo 😂

BintiLangoni

Mokowe, nyamaza watu wazima wazungumze.

UturiWaMalindi (Jumatatu, saa 3:02 usiku)

Dada, mimi ndiyo kazi yangu, nauza mafuta mwaka wa kumi na mbili huu. Hayo unayoyaeleza nayasikia kila wiki.

Kosa la wateja ni kununulia kwenye kifuniko. Anafungua, ananusa kijiti, anasikia embe, anatoa pesa. Amenunua dakika ishirini za kwanza. Mimi mteja wangu nampaka tone moja mkononi, namwambia nenda sokoni kanunue unachonunua, swali alasiri, kisha rudi uniambie unasikia nini. Wengine hawarudi, sawa. Lakini anayerudi akanunua, huyo simwoni tena akilalamika.

La pili, mafuta si kama manukato ya kupuliza. Ya kupuliza yana spiriti. Spiriti ikiruka inabeba harufu, chumba kizima kinajua umeingia. Mafuta hayana kelele hizo. Yanakaa karibu na mwili, yanapanda taratibu kwa joto lako. Anayekusikia ni yule aliyekukaribia. Kwa hivyo usipime uzuri wake kwa umbali.

Kwa ngozi yako, nadhani ni kavu. Ngozi kavu inayanywa mafuta na hayarudi juu. Jaribu kupaka mafuta yasiyo na harufu kwanza, ngoja kidogo, ndipo upake uturi. Na usisugue vifundo kimoja kwa kingine! Unatia joto, na lile tunda jepesi unalifukuza mapema.

BiMkubwaMkomani

Mwanangu BintiLangoni, huyo wa Malindi amesema kweli kwenye ukavu. Nyinyi wa siku hizi mnajisugua sabuni za povu mpaka mwili unakuwa kama ubao, kisha mnautupia uturi tone mbili, mnangoja miujiza. Uturi unapakwa mwili ukiwa bado una ubichi wa maji, na chini yake kuna mafuta. Nguo ziwe zimefukizwa usiku kwa chetezo, udi na ubani kidogo, zikalala. Asubuhi ukivaa, uturi wa mwilini na moshi wa nguoni vinapokeana.

Lakini na mimi nitasema langu. Uturi wa embe ni kitu gani? Sisi tulikuwa na waridi, asumini, mkadi, kilua, mrehani. Bibi harusi alisingwa liwa na zafarani, akashonewa kikuba akatiwa kwenye nywele na kwenye matandiko. Tunda ni la kula. Mafuta ya matunda nayaona kama shira ya watoto, yananata puani. Ndiyo maana yanakukimbia.

UturiWaMalindi

Bi Mkubwa, heshima zote, lakini hayo ya "shira" ndiyo yanayonilipia kodi ya duka. Vijana hawataki waridi peke yake. Na haya ya tunda na viungo si mabaya yakitengenezwa vizuri, kwa sababu kiungo kinalizuia tunda lisiwe peremende. Tunda peke yake nitakubaliana na wewe.

MzeeNahodha

Mimi ni mtu wa bahari, ya kujipaka siyajui. Nasema tu habari ya ambari. Marehemu babu alikuwa akisimulia kipande walichokiokota ufukweni, cheusi chenye kijivu, kinanuka kinyesi na mwani siku ya kwanza, kikiwekwa miaka kinageuka harufu tamu ya ajabu. Inatoka tumboni mwa nyangumi, yule mkubwa mwenye kichwa kama kasha. Haya ya chupani mnayoyaita "amba" sidhani yameona nyangumi.

UturiWaMalindi

Hayajaona, ami. "Amba" ya dukani ni mchanganyiko wa utomvu wa miti, ubani jawi na vanila. Inaitwa hivyo kwa rangi na joto lake. Ambari ya kweli robo tola yake mteja wangu akisikia bei atatoka mbio.

Ustadh_wa_Pili

Dada zangu, kabla ya yote tukumbushane kuhusu mwanamke kutoka nje akiwa amejitia manukato…

BintiLangoni

Shukran kaka, umekumbusha. Huu uzi ni wa harufu na kazini kwetu ni wanawake watupu. Hilo lifungulie uzi wake, nitakuja kusoma.

MwalimuWaKemia (Jumanne, saa 11:40 jioni)

Dada, nafundisha kemia huku Malindi. Niruhusu nimwage somo kidogo, anayetaka kulala alale.

Harufu ni molekuli zinazoruka kutoka mwilini mpaka puani. Zinazoruka kwa urahisi zinaondoka mwanzo. Ile ya ganda la chungwa, limonini, inachemka kwenye nyuzi 176 za selsiasi. Ile ya ndizi mbivu, isoamili asetati, inachemka kwenye 142. Yujenoli inachemka kwenye 254, na yujenoli ndiyo karafuu yenyewe: mafuta ya karafuu ni yujenoli kwa asilimia 70 mpaka 90 hivi. Ngozi yako haichemshi chochote, iko kwenye nyuzi thelathini na kitu tu, lakini foleni ya nani atoke kwanza inafuata mpangilio wa karibu na huo. Kwa hivyo asubuhi tunda, mchana viungo, jioni miti na utomvu. Hakuna aliyekuibia hapo.

Na joto lina lake. Sasa ni kaskazi, jua la Lamu mnalijua. Ukitembea kutoka Langoni mpaka kazini, mwili umeshapata moto, na foleni inakwenda mbio. Mafuta hayo hayo mwezi wa Julai, kwenye ubaridi wa kusi, tunda lingekaa zaidi.

Lakini msije mkadhani ni uzito tu. Vanilini, ile ya vanila, molekuli yake ina uzito wa 152. Yujenoli ni 164. Kwa hesabu ya uzito vanilini ingetangulia kutoka. Haitangulii, inabaki nyuma, kwa sababu molekuli zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Wanafunzi wangu wanakosea hapo kila mwaka.

Kuhusu embe. Ule ukali wa tapentaini uliousikia umeusikia sawasawa, embe lina terpini nyingi, jamaa za hizo zilizomo kwenye tapentaini. (Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, kwa anayependa kujua.) Hata hivyo hakuna embe lililokamuliwa kwenye chupa yako. Chungwa na limau ganda lake linakamulika likatoa mafuta, lakini matunda laini kama embe, pichi, plamu hayatoi mafuta ya kunukia ya kutosha. Harufu zake zinaundwa maabara. Na hapa ndipo pana siri: tunda la chupani ni matunda mawili. Kuna lile la terpini na esta (jamaa za ile ya ndizi), linaloruka na kwenda. Na kuna lile la laktoni, zito, la maziwa maziwa, linalobaki ngozini kwa saa nyingi. Laktoni maarufu ya pichi ilishatumiwa Ufaransa mwaka 1919 kwenye manukato ya Mitsouko ya kampuni ya Guerlain. Watengeneza manukato wanaiita "aldehidi C-14", nayo wala si aldehidi, ni laktoni! Sijui ni nani aliyewaruhusu.

Kwa hivyo embe la asubuhi na embe la jioni la dada yako si embe moja. La asubuhi limeondoka kwake kama lilivyoondoka kwako. La jioni ni laktoni, vanila na wenzake. Kwa nini wewe hulisikii hilo la pili, hapo sijui. Na daktari wa meno hujamzulia: yujenoli ikichanganywa na oksidi ya zinki ndiyo ile dawa wanayozibia jino.

KijanaWaMokowe

Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?

MtotoWaNgambo

Wakuu, niko Unguja, nimepita tu. Kwenye karafuu niongeze jambo. Kuna mafuta ya karafuu yenyewe, na kuna ya makonyo na ya majani. Pemba wanapika kwa mvuke makonyo na majani pia, haviendi bure. Ya majani ni makali zaidi puani, yana uchungu wa dawa, hayana ule utamu wa karafuu yenyewe. Inawezekana aliyetengeneza mafuta ya dada alitia ya rahisi. Ndiyo maana yananukia kliniki.

Pia chunga ngozi. Karafuu na mdalasini vikizidi vinawasha. Mimi niliwahi kupaka mafuta ya mdalasini bila kuchanganya na kitu, nilikuwa najifanya mtaalamu, shingo ikawa nyekundu siku tatu.

BiMkubwaMkomani

Na ndimu je? Kuna binti alipaka mafuta ya ndimu akatoka juani, akafanya mabaka meusi mkononi.

MwalimuWaKemia

Kweli kabisa Bi Mkubwa. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yana kemikali iitwayo bergapteni, ikikutana na jua inaunguza ngozi na baka linakaa muda mrefu. Uturi wenye ndimu upakwe mahali panapofunikwa na nguo.

MpitaNjia_Shela

Mimi nasema mafuta yamechakachuliwa. Wanatia mafuta ya kupikia. Chukua karatasi nyeupe, tia tone. Likiacha doa la mafuta, umepigwa.

UturiWaMalindi

Ndugu yangu wa Shela, hilo jaribio litakufanya ukatae hata mazuri. Karibu uturi wote wa dukani una mafuta au kimiminika cha kuuzimulia, hautakiwi upakwe mkali. Hata ule wa zamani wa India ulikuwa mvuke wa maua ulionaswa ndani ya mafuta ya sandali, nayo yanaacha doa. Karatasi haikwambii kama umepigwa. Inakwambia kuna mafuta, nawe umenunua mafuta.

Isitoshe yeye na dada yake wamegawana chupa moja. Kama yamechakachuliwa, yamechakachuliwa kwa wote wawili.

BintiLangoni (Jumatano, saa 1:30 usiku)

Leo nimefuata maneno ya Bi Mkubwa. Nimeoga bila sabuni ya povu, nimepaka mafuta ya nazi, mwili bado mbichi, ndipo nikapaka uturi. Embe limekaa mpaka saa tatu badala ya saa mbili. Kisha karafuu. Kisha hakuna kitu. Kidogo kumesogea, lakini halua sijaiona.

Mwenzangu kazini nimemuuliza saa saba, "Nanukia nini?" Akasema, "Unanukia vizuri." Nikamwambia vizuri vipi? Akasema, "Vitamu vitamu." Mimi wakati huo najisikia karafuu tupu. Nikadhani ananipa moyo.

MwalimuWaKemia

Subiri. Hilo la mwenzako si dogo. Dada yako akija tena Lamu fanyeni hivi. Kila mmoja apake tone moja kwenye mkono wa kushoto, mahali pamoja, wakati mmoja. Tone la tatu litiwe kwenye kipande cha bafta safi, kisiguswe. Mtafuteni mtu wa tatu, mfungeni macho, anuse vyote bila kujua ni mkono wa nani. Halafu, na hili ndilo kubwa, wewe unuse mkono wa dada na yeye anuse wako. Shingoni msipake kabisa: ukipaka chini ya pua, pua inachoka, inaacha kukupa habari.

BintiLangoni

Anakuja Ijumaa, kuna harusi ya binamu. Tutafanya.

KijanaWaMokowe

Mimi najitolea kuwa mtu wa tatu.

BintiLangoni

Wewe jitolee kunyamaza.

BintiLangoni (Jumamosi, saa 3:45 usiku)

Nimerudi na majibu. Someni taratibu, mimi mwenyewe nimeduwaa.

Mtu wa tatu alikuwa mama. Tulimfunga leso ya macho, akacheka mpaka akakohoa, lakini pua yake ni ya mtu aliyepika biriani za harusi za mtaa mzima, haidanganyiki. Tulipaka saa moja asubuhi.

Saa moja na nusu: mama amesema mikono yote miwili ni embe na iliki. Bafta ni embe zaidi, iliki kidogo.

Saa tatu: mikono yote miwili embe bichi limekwenda, viungo viko mbele. Kwenye bafta embe bado linapiga kelele. Mwalimu alisema joto, basi ni joto, kitambaa hakina damu.

Saa saba: mama amesema mkono wa kwanza ni "karafuu ndani ya halua". Mkono wa pili vile vile. Tukamzungusha, tukambadilishia, hakuweza kutofautisha. Mara moja akasema wangu ndio mtamu zaidi! Nikampa mkono tena anuse, nikadhani amekosea.

Kisha nikanusa mkono wa dada.

Karafuu. Karafuu ile ile ya kwangu, pamba na jino. Mkononi mwa dada yangu! Na yeye akanusa wangu akasema, "Mbona halua iko hapa tele, wewe unalia nini?"

Kwa hivyo ngozi yangu haina kitu. Ni pua. Nina miaka ishirini na saba na nina pua mbovu, na nimegundua siku ya harusi.

UturiWaMalindi

Allahu akbar. Hii sijawahi kuiona.

MwalimuWaKemia

Dada, pua yako si mbovu. Umetueleza iliki, pilipili manga, utomvu wa embe na kasha la bibi. Pua mbovu haisemi hayo. Kuna kitu kimoja tu hukisikii, na hicho ndicho dada na mama wanakiita halua. Ngoja nifikirie.

MgeniKabisa (Jumamosi, saa 4:20 usiku)

Samahanini, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nimeusoma wote, mbona hakuna aliyerudi kwenye ile miski? Dada alisema mwanzoni kabisa kwamba alinunua miski nyeupe ikawa maji, akaenda kumgombeza mtu. Kaka yangu yuko hivyo hivyo. Miski nyeupe kwake haina harufu. Tukimpaka, sisi tunamsikia kutoka barazani, yeye anasema hamna kitu.

MwalimuWaKemia

Mgeni, karibu sana, umenipita. Nilisoma neno hilo nikaliruka kama dereva wa usiku.

Ndivyo ilivyo. Miski ya asili ilitoka kwenye kifuko cha paa dume wa milima ya Himalaya. Ya leo karibu yote ni ya kuundwa. Ya kwanza kutamba ilipatikana kwa bahati: mwaka 1888 mkemia Albert Baur alikuwa akishughulika na mambo ya baruti, akapata kitu kinachonukia miski. Siku hizi ziko za aina nyingi, molekuli kubwa kubwa, uzito wa 250 hivi, ndiyo maana zinakaa ngozini na nguoni mpaka kesho. Sasa, puani tuna vipokezi vya aina mamia, na watu hatukupewa sawa. Kuna watu wengi tu ambao miski fulani hawaisikii kabisa, na nyingine wanaisikia vizuri. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Na mafuta ya tunda yamejaa miski. Ndiyo godoro la tunda. Baadhi ya miski zenyewe zina utamu wa matunda, kama peasi. Miski na laktoni na vanila zikikaa pamoja ndiyo halua ya dada yako. Wewe ukiondolewa miski, godoro limevutwa, laktoni iliyobaki inanyong'onyea chini ya yujenoli, na yujenoli haina haya. Kwa hivyo unasikia karafuu peke yake, kisha karafuu ikiondoka unasikia hakuna, wakati mwenzako kazini anakuambia "vitamu vitamu". Alikuwa anasema kweli yule.

BintiLangoni

Ya Rabi. Yule mzee.

BiMkubwaMkomani

Kesho asubuhi nenda ukamwombe radhi. Usiende mikono mitupu.

BintiLangoni (Jumapili, saa 12:15 jioni)

Nimekwenda, na dada nimekwenda naye, na mahamri nimebeba.

Nilipoingia mzee aliniona, akaisogeza ile trei ya vichupa nyuma, taratibu, bila kusema neno. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pua, miski, mwalimu, mama na leso ya macho. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo ile haikuwa maji?" Nikamwambia haikuwa maji, ami. Akasema, "Mimi nilianza kuitilia shaka mwenyewe. Nilimrudishia aliyeniletea."

Basi akavitoa vichupa vyote vya miski alivyonavyo, vitano. Miski nyeupe mbili: kwangu hakuna kitu, dada anafumba macho kwa raha. Ya tatu, ya waridi: nasikia waridi, nyuma yake ukuta. Ya nne nasikia kwa mbali, kama nguo iliyoanikwa. Ya tano, ile nyeusi ya kienyeji, hiyo naisikia na inanipa kichefuchefu, na dada pia, kwa hivyo hapo tuko sawa.

Nusu yangu ya uturi nimempa dada. Sasa naomba wanaojua: nataka mafuta ya tunda na viungo, lakini yanayolala juu ya kitu ninachokisikia. Sandali naisikia. Udi naisikia vizuri sana. Nani anayo?

UturiWaMalindi

Ninayo ya plamu, zafarani na udi. Miski sijui kama imo, waliotengeneza hawaandiki. Siku ukija Malindi pita, nitakupaka bure, ukae mpaka alasiri. Mje wawili, na dada yako alete pua yake.

KijanaWaMokowe

Kwa hiyo ile ya samaki mimi niombe radhi pia?

BintiLangoni

Leta mahamri.

BiMkubwaMkomani

Mwanangu, kabla hujapanda basi la Malindi, pita kwangu magharibi. Asumini imejaa uwani, nimeshachuma sinia zima.